Baba, Nimezitoa Kapasita Zako

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, huko uliko. Najua barua hukuzipenda; ulisoma michoro ya redio tu. Lakini nimechoka, Baba, na sina mwingine wa kumweleza mambo ya kapasita.

Nimeifungua mashine yako ya sidii, ile uliyoachiwa na Mtaliano alipofunga nyumba kurudi kwao. Mama hajakaa sebuleni tangu ulipozikwa. Eda imekwisha, mashoga zake wamemwalika harusi mbili, wapi! Hatoki chumbani, na chakula anakionja tu. Nikasema, nikiirudisha taarabu yenu ya Ijumaa alasiri, labda atatoka. Hilo tu ndilo nililolitaka.

Unakumbuka ilivyokuwa ikinguruma? Mganga hajigangi: redio za Malindi nzima zilipona mikononi mwako, yako ukaiacha ingurume, ati ikipata moto itatulia. Na kweli, baada ya robo saa ilitulia. Ulipoondoka ikaanza kuruka nyimbo, kisha ikakataa kusoma kabisa.

Nikajua kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimechoka; basi nikaenda kwenye kopo lako la maziwa ya unga. Miaka yote ulikuwa ukizing'oa kapasita katika redio zilizokufa na kuzitia mle. "Hivi havitengenezwi tena, mwanangu," ulikuwa ukiniambia. Nilizichagua zako kwa mapenzi, si kwa akili. Nikalehemu, nikawasha. Pa! Nyumba nzima ikanuka samaki aliyevunda. Lahaula! Niliketi sakafuni nikacheka, kisha nikalia. Zilikuwa zimekauka ndani, Baba, na hewa yetu ya chumvi imeshazila miguu. Ulikosea. Sijawahi kukwambia hivyo, nilikuwa nakuogopa.

Nikaagiza mpya Mombasa. Nilitaka zile za rangi ya dhahabu wanazozisifu wapenda muziki, lakini mama mwenye duka akanikatiza kwa simu: "Hizo ndefu, kifuniko hakitafunga. Maikrofaradi zilizoandikwa ubavuni zilingane na za zamani, volti zisipungue, na uchukue zinazostahimili joto la nyuzi mia na tano. Basi." Ungempenda. Nilibadilisha kumi na nne, moja baada ya moja, nikitazama upande wa hasi mara mbili mbili, mgongo ukiniuma kwa kusimama kazini kutwa.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nikaiwasha. Safi, Baba! Unasikia hadi vidole vya mpiga udi vikiteleza kwenye nyuzi. Nikapika chai ya tangawizi, nikaweka vikombe viwili, nikangoja. Sidii ikacheza mpaka ikaisha. Mama hakutoka.

Nikamfuata. Alikuwa ameketi kitandani, amejitanda mtandio wake mzuri, miguu ameshaitia ndarani.

"Mama, mbona hukuja?"

"Namngoja babako awashe. Sijasikia ikinguruma."

Lo! Kumbe ule mngurumo niliouona ubovu, ndio uliokuwa ukimwambia kwamba umerudi nyumbani, umeketi, chai iletwe. Nami nimeutoa kwa mikono yangu.

Sikufichi, nilitaka kukimbia nikairudishe kapasita mbovu moja, ingurume, aje. Nilisimama mlangoni nikilipima jambo hilo kweli. Ndipo nikaona kwamba miezi yote hii nimekuwa nikihangaika na mashine ili nisije nikalitamka neno moja mbele ya mke wako. Hakuna aliyelitamka. Sote tulikuwa tukimwambia "pole" na kuondoka.

Nikaketi kando yake, nikamshika mkono.

"Mama, aliyewasha ni mimi. Baba hatawasha tena."

 Akalia, kwa sauti, mara ya kwanza tangu mazishi, nami nikamkumbatia mpaka maghribi ikaadhiniwa.

Leo asubuhi ameomba uji. Sasa ndipo umekwenda, Baba. Mungu akulaze pema.

Mimi bintiyo wa pekee