Flashi Inayogeuza Shingo

Donholm, 1 Juni 2025

Kwako dada Jacklyne,

Salamu tele. Mimi mzima, sura ni ileile inayosumbua wasichana wa barabara ya Outer Ring. Baba pia mzima, ila goti linamkumbusha kazi ya reli kila asubuhi. Wewe na watoto hapo Nakuru mko aje? Naandika kwa kalamu kwa sababu umenifungia simu, na mimi si mtu wa kufungiwa. Barua analeta Maingi, dereva wa basi. Mpe chai.

Nasikia kamati ya harusi ya mdogo wetu Winny inatafuta mpiga picha. Wanatafuta nini na mimi nipo? Mimi niliyepiga picha hadi Dubai! (Sawa, nilikuwa uwanja wa ndege tu, nikingoja ndege nyingine. Lakini si ni Dubai?)

Najua kinachokuuma. Kwenye harusi yako nilitumia kale kaflashi kalikozaliwa na kamera, nikammulika mama uso kwa uso, miwani yake ikawa vidonge viwili vyeupe. Mwaka uliofuata tukamzika. Picha yake ya mwisho, na macho hayamo. Usidhani mimi hainiumi.

Sasa nanunua flashi kamili, ya kuchomeka juu ya kamera. Na Winny nitampiga picha mimi.

Ndugu yako,
Sylvance


Nakuru, 8 Juni 2025

Ndugu yangu Sylvance,

Hatujambo. Maingi alikunywa chai, akamaliza na mkate wa watoto.

Barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, ndiyo mazoea ya mwalimu. Makosa kumi na saba, na Dubai sijaihesabu.

Flashi mpya si hoja, hata tochi ya mlinzi ni mwanga. Baba naye siku hizi anavaa miwani, tena minene kuliko ya mama. Mpige picha ndani ya nyumba, nione macho yake mawili. Nikiyaona, nitaongea na kamati. Nisipoyaona, utakuja harusini kula pilau kama wageni wengine.

Dada yako


Donholm, 22 Juni 2025

Dada mpendwa, mwenye kalamu nyekundu,

Mko salama? Sisi tuko imara. Wengine huchagua flashi kwa kusoma kijitabu. Mimi niliachia shule kidato cha pili, kwa hivyo nilimchukua baba nikaenda naye dukani. Alivaa suti, akidhani tunaenda benki.

Ng'ang'a mwenye duka akamuuliza, "Mzee, wewe ndiye mteja?"

Baba akasema, "Mimi ndiye uso."

Flashi ya kwanza ilikuwa na shingo ngumu, inatazama mbele tu. Baba akafumba macho: "Hiyo ni taa ya garimoshi!" Ya pili, dada, ilikuwa kubwa, ya kutisha watu! Karibu niinunue kwa ukubwa wake. Kumbe imetengenezewa kamera za kampuni nyingine, vijino vyake vya shaba havikutani na vya kamera yangu. Inawaka kwa nguvu zote kila mara, haielewani na kamera, kama wakwe waliogombana. Ya tatu ndogo, lakini inageuza shingo juu, kando, hata nyuma, kamera inaiambia mwanga kiasi gani, na inapumua sekunde mbili tu kabla ya kuwaka tena.

Nikamwambia baba, "Ile kubwa inaonekana ya kazi."

Akanijibu, "Watu wataangalia flashi, ama watamwangalia Winny?"

Nimenunua ndogo. Picha hii nilimpiga sebuleni, flashi ikitazama dari nyeupe, mwanga ukamshukia taratibu. Hesabu macho.

Ndugu yako,
Sylvance, fundi wa kimataifa


Nakuru, 29 Juni 2025

Sylvance,

Salamu kwa baba. Mawili. Nimeyahesabu zaidi ya mara moja.

Kamati imekubali. Usiniaibishe.

Dada yako


Donholm, 24 Julai 2025

Dada,

Hamjambo? Leo sina mzaha mwingi, ujue kuna shida.

Nilienda kujaribu flashi kwenye ukumbi wa kanisa. Shangazi Apondi na watu wake wa mapambo wameshaanza kufunika dari yote kwa kitambaa cha zambarau, rangi ya harusi. Nikaelekeza flashi juu kama nilivyojua. Mwanga ukapiga kitambaa, ukashuka na rangi yake. Shangazi katika picha ni kiazi sukari! Kuta nazo zimepakwa bluu, hazinisaidii. Nikamwomba atoe kitambaa, akanijibu, "Toa wewe kamera."

Simulikii baba machoni kama nilivyomfanyia mama, hata mnipige. Nimefikiri siku mbili. Zile shuka nyeupe za mama ulizobaki nazo, njoo na ile kubwa. Isimamishwe kando, nigeuze shingo ya flashi iitazame, mwanga umrudie baba ukiwa mweupe. Nahitaji mtu mrefu, mkaidi, asiyechoka kunyoosha mikono. Katika ukoo huu namjua mmoja.

Ndugu yako


Nakuru, 10 Agosti 2025

Ndugu yangu mpendwa,

Tulifika salama kutoka harusini, na mabega yangu yanauma hadi leo. Wageni wa bwana harusi waliniuliza kama mimi ni mfua nguo wa kanisa.

Picha zimefika. Winny ana weusi wake mwenyewe, anang'aa. Lakini ile ya baba akimpa Winny mkono, niliiweka mezani nikaketi. Macho yote mawili, yana machozi, na Winny yumo ndani yake. Nikatafuta lenzi ya kukuzia ya darasani. Pembeni mwa jicho la kushoto kuna kidoa cheupe kidogo. Ni shuka ya mama.

Sitaifua.

Simu nimekufungulia. Nipigie Jumapili, lakini habari za Dubai umsimulie Maingi.

Dada yako,
Jacklyne