Mto Uliopimwa Siku ya Zamu

Jumatatu, 1 Septemba

Karoti magunia mawili, yameoshwa. Vidole vimekufa ganzi. Maji ya mto huu hayana huruma hata jua likiwaka.

Kesho kamati ya mazingira inapima. Sheria ndogo ya kijiji imeshapita, mkutano mkuu ulinyoosha mikono: jembe lisikaribie mto, mita sitini kutoka ukingoni, kila upande. Wengine walinyoosha mkono nusu. Niliwaona. Mimi ndiye katibu, eti kwa sababu ya mwandiko wangu. Kwa mwandiko huo huo naandika pia zamu za mfereji. Mwandiko mzuri ni adhabu.

Siku ya kupima nimeichagua mimi. Jumanne haina soko, haina kipaimara, haina msiba mpaka sasa.

Jumanne, 2 Septemba

Tumerudi. Miguu si yangu.

Tulikuwa watano na kamba ya katani yenye fundo kila mita kumi. Mwenyekiti wa kamati anashika mwanzo ukingoni, mimi nashika mwisho, wengine wanapaka mawe rangi nyekundu, la ukingoni na la mpakani. Tulianzia darajani tukapanda mpaka msitu unapoanza.

Miaka hamsini na nne nakunywa mto huu na sijawahi kupanda kupita shamba la kaka Zakayo. Hakuna aliyenikataza. Sikwenda tu. Kumbe huko juu kuna bwawa la mviringo, jeusi, limetulia, na maji yanalishukia kutoka kwenye mwamba bila haraka yoyote. Kwenye nyufa za mwamba zimeota dughulushi, yale maua madogo ya zambarau ambayo wageni hutoka mbali kuja kuyapiga picha. Nilivua kandambili. Sijui kwa nini nilivua. Mwenyekiti, mtu wa maneno mengi, aliketi juu ya jiwe, akaisahau kamba mkononi. Hilo nalo liandikwe.

Mama Upendo, jirani wa ng'ambo, amepoteza shamba lote la maharage. Alishika tu mpini wa jembe lake.

Kaka kapona. Fundo la mita sitini liliishia pale pale kabichi zake zinapoanza. Kile kitivo, shamba lake la unyevu, ndicho kipande pekee cha bondeni alichotuachia baba, upana wake hatua kumi na mbili. Vingine vyote viko mlimani, vikavu. Kaka alicheka, akaipigia kamba makofi. Nilifurahi. Naandika wazi: nilifurahi.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilikwenda kuosha karoti. Jiwe jekundu la ukingoni, upande wa kaka, silioni. Nikadhani kuna mtu kalihamisha. Lipo. Limezama. Rangi inang'aa chini ya maji.

Nilisimama na karai mpaka mkono ukauma.

Jumanne na Ijumaa ni zamu ya watu wa juu. Mfereji wao hufunguliwa asubuhi, na nusu ya mto huondoka nao mpaka saa kumi jioni. Naijua zamu hiyo kuliko Baba Yetu. Mimi ndiye ninayeiandika! Tumezaliwa hapa wote watano, tumepima nusu ya mto, na hakuna aliyeshtuka. Tumeuzoea wembamba wake wa Jumanne kiasi kwamba hatuuoni tena.

Nikahesabu. Kutoka lile jiwe mpaka ukingo wa leo ni hatua tisa. Upande wa kaka ni tambarare, maji yanatanda. Upande wa Mama Upendo ni mwinuko, hayajasogea hata kiganja. Maana yake kipimo cha Mama Upendo ni sahihi. Cha kaka si sahihi. Kamba inatakiwa iingie hatua tisa ndani ya kabichi zake. Zinabaki tatu.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mama Upendo alinisalimia, shikamoo dada, kwa adabu ile ile ya siku zote. Ameshang'oa maharage yake mwenyewe, kabla ya muda aliopewa, na kupanda mabingobingo ya kushika udongo. Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

Mahubiri sikuyasikia. Nilijichukia mpaka baraka ya mwisho.

Jumanne, 9 Septemba

Nilitaka nione kwa macho kabla ya kusema. Labda nimekosea. Niliomba iwe nimekosea.

Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye kichwa cha mfereji. Saa kumi msimamizi wa maji wa huko juu aliuziba mlango wake kwa magogo ya migomba na tope. Maji yalisita. Yakazunguka mahali pamoja. Halafu yakageukia mtoni, nami nikashuka nayo.

Sijui niandikeje. Kila mtu anajua kwamba maji hurudi jioni. Hakuna anayekaa kuyatazama. Yalipita pembeni, juu ya kokoto kavu, taratibu, yanasukuma majani makavu mbele yake. Yanakuta kashimo, yanakajaza, yanasubiri, yanaendelea. Mawe ya kijivu yakawa meusi moja moja. Vyura walitoka sijui wapi. Nilitembea kando yake kama ninayemsindikiza mgeni mheshimiwa, simpiti wala simwachi. Nililia. Mtu mzima, kandambili mkononi, nalia kwa sababu ya kitu kinachopita karibu na mlango wangu kila wiki mara mbili.

Nilipofika kwa kaka yakatanda. Hatua tisa. Nilihesabu mara tatu.

Sikukosea.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia kaka kwanza, kabla ya kamati. Ndivyo inavyotakiwa, mkubwa asisikie kwa watu.

Alikuwa anapalilia. Hakuacha. Nilipomaliza akasema kwa Kishambaa, polepole, kwamba siku ya kupima niliichagua mimi. Nikasema ndiyo. Akasema basi ninyamaze.

Huyu ndiye aliyenivusha mto huu mgongoni kwenda shule, kila masika, darasa la kwanza mpaka la tatu. Huyu huyu.

Nina hasira naye. Nina hasira na kamba, na rangi, na mwandiko wangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikusema. Nilipita nyumbani kwa mwenyekiti mara mbili. Mara zote mbili niliishia dukani kwa jirani yake, nikanunua chumvi nisiyoihitaji.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimesema.

Kikao kilikuwa kinafungwa. Nikasema tulipima siku ya zamu ya juu. Mwenyekiti akacheka, akaacha kucheka, akashika kichwa. "Na mwandishi wa zamu si wewe, mama?" Ni mimi. Mjumbe mmoja akasema tuache tu, nani atajua. Nikamwambia Mama Upendo ameng'oa maharage yake yakiwa na maua. Nilisema kwa ukali, nilipiga na meza. Kila mtu alitazama mikono yake.

Jumatatu tunapima upya, mfereji ukiwa umefungwa. Kabichi zilizokwisha kukomaa zitavunwa, baada ya hapo jembe basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Watu walijaa kuliko siku ya kwanza. Walikuja kutazama ugomvi, tuseme ukweli. Ugomvi haukuwepo. Kaka hakutokea. Wakabaki hawana cha kutazama ila mto.

Na mto ulikuwa mzima. Kutoka huku mpaka kule, unameremeta, unapiga kelele zake kana kwamba sisi hatupo. Mwenyekiti alipolitafuta lile jiwe jekundu, maji yalimfika gotini. Watu waliokuwa wakisutana kuhusu mipaka walianza kunong'ona, kama walio ndani ya kanisa. Mama Upendo alisema peke yake, "Kumbe ni mkubwa hivi." Hakuna aliyemcheka. Sote tumekulia hapa na sote tulikuwa tunawaza hivyo hivyo.

Fundo la sitini likapita kabichi za mbele, likapita za katikati. Imebaki mistari minne, ile ya juu. Jiwe la mpaka mpya nililipaka mwenyewe, sikutaka mtu mwingine alipake. Nimelipaka ovyo.

Jumatano, 24 Septemba

Kaka haitikii. Namwamkia njiani, salamu inaanguka chini, anapita. Ameshavuna. Wifi anasema hali chakula vizuri na hataki jina langu litajwe mezani.

Mabingobingo ya Mama Upendo yameshika.

Sijutii. Naumia. Ni vitu viwili.

Jumanne, 7 Oktoba

Kabla ya saa kumi nilikuwa upande wa Mama Upendo, nakata majani ya mbuzi. Kukata kunaruhusiwa, kulima ndiko kumekatazwa.

Kaka alikuwa ng'ambo. Peke yake, hana jembe. Alisimama kwenye kokoto kavu, mikono nyuma, anatazama juu maji yanakotokea. Sijui kama aliniona. Sikumwita. Nilishusha mundu.

Yakaja. Taratibu, kama siku ile, na majani yake makavu mbele. Yalipofika kwenye buti zake alitazama chini. Akarudi nyuma hatua moja, akayapisha. Yakamfuata. Akarudi nyingine.

Nilikuwa nahesabu. Hatua ya tisa maji yakasimama, naye akasimama. Kisha kaka akaketi pale pale kwenye majani, akaendelea kuyatazama.