Nafasi Kumi Barazani kwa Bibi

Jumatatu, 4 Desemba 2023

Boksi limefika. Lilikuja na basi hadi Same, halafu likapanda mlima juu ya mifuko ya saruji. Limezungushiwa selotepu utadhani ndani kuna mgonjwa. Kumbe kamera moja nyeupe, ndogo kama chungwa. Balbu mbili. Soketi moja. Vyote vinaendeshwa kwa simu kupitia waifai, na mwenye simu anaweza kuwa popote. Baba mdogo Anold yuko Dar es Salaam. Atakuwa anatuwashia taa kutoka Tabata!

Bibi akauliza swichi ya ukutani imekosa nini.

Halafu Baba mdogo akapiga, akaniambia nitoke nje nisisikike. Nikaenda nyuma ya zizi. Akasema tangu Bibi ateleze jikoni mwezi wa kumi yeye halali. (Bibi alikaa sakafuni hadi Mama Justa wa jirani alipoingia kumsalimia.) Kwa hiyo: ikifika Ijumaa ya tarehe 15 na bado hamwoni mama yake kwenye simu, akija Krismasi atarudi naye Dar. Moja kwa moja. Nyumba inafungwa, ng'ombe anauzwa.

— Usimwambie, presha itampanda. Wewe ndiye msomi wa hapo.

Msomi! Nimemaliza kidato cha nne juzi. Matokeo bado. Kompyuta ya shule tulikuwa tunaichungulia dirishani.

Bibi alishakwenda Dar mara moja. Wiki tatu. Alirudi amekonda, akasema kule hata kuku hawamjui mtu.

Jumanne, 5 Desemba

Nimesoma karatasi ya maelekezo mara nne. Kiingereza chake ni kibaya kuliko changu, ikanitia moyo.

Nikachomeka kamera. Ikazunguka shingo, ikaongea! Sauti ya mama mmoja, Kiingereza cha upole, kwamba inasubiri kuunganishwa. Bibi akaniuliza anasema nini huyo. Nikamwambia. Bibi akamjibu: subiri tu mwanangu, huyu bado anajifunza.

Unafungua programu kwenye simu. Unachagua waifai ya nyumbani. Unaandika paswedi. Unasubiri. Duara linazunguka, asilimia thelathini, sitini, tisini na tisa — imeshindwa. Nimejaribu mara kumi na nne. Kila mara yule mama anarudia kwamba anasubiri. Hachoki.

Balbu nazo nimezifunga. Zinawaka vizuri sana, kwa swichi ya ukutani.

Saa kumi na moja nikakimbilia jikoni maana wageni walianza kuingia. Tangu nirudi kutoka bweni nimeona Bibi anatembelewa kila jioni. Watu wanane, tisa. Wanakaa barazani, wanapewa chai, wanainamia simu zao. Nilidhani ndiyo heshima ya siku hizi. Mimi siwezi kukaa mbele ya watu wengi, mikono inakosa mahali pa kwenda. Nawatolea chai, narudi jikoni.

Jumatano, 6 Desemba

Leo nimegundua rauta ya waifai imefunikwa! Baba mdogo aliinunua Krismasi iliyopita ili akija apate kufanya kazi zake. Bibi ameivalisha kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, kama redio. Nikakitoa. Bibi akasema itaingia vumbi. Nikasema ni lazima ipumue. Akanitazama kwa huruma.

Nikajaribu. Asilimia tisini na tisa. Imeshindwa.

Nikasogeza kamera hadi ikagusana na rauta, kama watu waliogombana wanaolazimishwa kupeana mikono. Imeshindwa.

Nikahisi labda paswedi naikosea. Nikaiandika herufi moja moja kwa sauti. Nikiwa kwenye herufi ya sita ikapiga radi huko mlimani Shengena, na Bibi akazima meinswichi. Radi ikipiga anazima kila kitu na kufunika kioo. Tukakaa gizani saa moja na nusu, sisi na vifaa vya kisasa.

Baba mdogo ametuma ujumbe: Vipi? Nikajibu: Naendelea vizuri. Huo ni uongo wa kwanza. Tena akalalamika kwamba bando la nyumbani linaisha upesi mno, nipunguze kuangalia video. Sijaangalia hata moja!

Alhamisi, 7 Desemba

Nimeshuka Same kwa fundi wa simu. Ndani ya gari niliandika maneno ya kumwambia kwenye kiganja. Jasho likayafuta.

Kibandani kwake palikuwa na watu. Nikasimama pembeni hadi wakaisha. Wakaja wengine. Nikawapisha. Mwishowe fundi mwenyewe, Omari, akanyanyua kichwa:

— Dada, tangu saa nne umesimama hapo. Una shida au umeajiriwa kunilinda?

Nikamwekea kamera mezani. Akaiunganisha na waifai yake. Dakika moja! Nikajiona kwenye simu yake, nimesimama kama nguzo, mdomo wazi.

— Kifaa kizima. Ugonjwa uko kwenu. Waifai yenu inatumiwa na watu wangapi?

Nikasema wawili. Mimi na bibi yangu.

— Bibi ana simu gani?

Kitochi.

Akanicheka, lakini siyo vibaya. Akanionyesha namna ya kufungua ukurasa wa rauta, hata kama simu yako haina nafasi, na kuona nani yumo ndani. Akasema hizi rauta ndogo zina nafasi kumi tu, na simu ikishaingia inashika nafasi yake hata mwenyewe akienda kwake kulala. Mtu wa kumi na moja hata akibisha hodi mpaka kesho hafunguliwi. Nikamwambia sisi hatuna watu kumi. Akasema, haya, kaangalie, halafu unisalimie hao wawili.

Jumamosi, 9 Desemba

Jana umeme ulikatika kutwa. Leo, siku ya Uhuru, ukarudi saa kumi. Jioni nikafungua ule ukurasa.

Kumi kwa kumi.

Nilidhani nimekosea, nikafungua tena. Wamo kwa majina ya simu zao. Tumainieli Kwaya. Mwl Zefania. Mama Justa. Mmoja anaitwa Mungu Ni Mwema. Nikachungulia barazani kupitia upenyo wa mlango: wote hao hapo, wanakunywa chai yetu! Mimi mwenyewe siku ile ya kwanza niliingia kwa kuwa niliwahi asubuhi. Sasa nimo kwa bahati tu.

Walipoondoka nikamuuliza Bibi paswedi waliipata wapi. Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya kanisa, hapo hapo barazani. Bado iko kwenye ukurasa wa Agosti, na hapo imeandikwa kwa kalamu nene, herufi kubwa, hata mwenye macho mabovu anaiona.

Nikasema Bibi, hiyo ni siri.

Akasema zamani, mtu akiamka moto umezima alikwenda kwa jirani na kigae, akapewa kaa la moto. Je, nimewahi kusikia katika ukoo wetu mtu aliyemnyima jirani kaa? Moto wako unapungua ukitoa kaa moja?

Nikasema moyoni: Huu unapungua, Bibi. Una makaa kumi.

Jumapili, 10 Desemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawahesabu waliomo.

Nikitoka mimi inabaki nafasi moja, na kamera ingeingia. Rahisi! Nikajitoa. Kabla sijamaliza kuandika paswedi kwenye kamera, nafasi imechukuliwa. Na simu inayoitwa Kipusa. Sijui hata ni nani. Kumbe wapo wanaosubiri nje ya uzio.

Basi lazima atoke mtu. Nani? Mwalimu Zefania alinifundisha kusoma. Sasa amestaafu na kila jioni anamsomea Bibi habari kwa sauti, hata za mpira. Mama Justa anaongea na Justa aliyekwenda kufanya kazi Oman. Tumainieli anachukua nyimbo za kwaya, na Krismasi imefika. Nikasema nimtoe Mungu Ni Mwema. Nikashindwa kubonyeza. Jina lenyewe linatisha.

Nikamweleza Bibi kwamba nafasi zimejaa, kamera haina pa kukaa. Sikumwambia kwa nini ni lazima ikae. Akasema:

— Wewe mke mwenzangu una matata. Mgeni aliyekuja jana ndiye akose kiti, siyo waliomtangulia.

Zimebaki siku tano.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimebadilisha paswedi.

Asubuhi, Bibi akiwa shambani. Wote wametoka kwa mkupuo, hakuna hata mmoja wa kunitazama usoni. Ndivyo nilivyo. Siwezi kumwambia mtu mmoja ondoka, lakini kumi kwa kidole kimoja naweza.

Kamera ikaingia mara ya kwanza. Asilimia mia! Nikaruka peke yangu sebuleni. Nikaipachika juu ya mlango, inaona baraza yote. Baba mdogo alipiga mwenyewe, anacheka kama mtoto. Anamwona mama! Anaona na kuku! Akaniita injinia. Nikamuuliza kama sasa ile habari ya Dar imekwisha. Akasema tutaona, lakini hapo umenitua mzigo.

Jioni walikuja. Simu zikagoma. Wakaniita. Nikasimama mlangoni nikasema mtandao umeharibika. Mwalimu Zefania akasema pole sana binti, usijisumbue. Pole! Kwangu!

Jumanne, 12 Desemba

Walikuja watatu. Mama Justa alikaa kidogo, akaaga, anawahi kule juu kwenye mwamba ambako intaneti ya simu inashika. Mwalimu Zefania alijaribu kusimulia habari bila simu. Zilikuwa za jana.

Soketi na balbu nimezirudisha boksini. Zingekula nafasi.

Jumatano, 13 Desemba

Hakuna mtu.

Bibi alichemsha chai ya chupa nzima kama kawaida. Akapanga vikombe. Saa kumi na mbili akaviondoa kimoja kimoja. Akaniuliza kama kuna msiba mahali ambao hatukuambiwa.

Programu inatuma ujumbe: hakuna kinachotembea.

Alhamisi, 14 Desemba

Baba mdogo amepiga saa saba mchana. Sauti nyingine kabisa. Kasema tangu jana hajafanya kazi ofisini, anamwangalia mama. Mama amekaa kiti kile kile asubuhi hadi jioni. Haongei na mtu. Hakuna hata anayepita kumsalimia!

— Dorkas, ninyi huwa mnanidanganya kwamba mama ana watu. Watu wako wapi? Sikujua hali ni hii. Afadhali kamera imenifumbua macho.

Hangoji tena Krismasi. Anakuja Jumapili hii na gari. Nimfungashie nguo Bibi taratibu, asishtuke.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Maneno yote niliyapanga. Nikasema: Sawa Baba mdogo, shikamoo.

Nikaenda zizini nikalia. Ng'ombe akanilamba kiwiko.

Ijumaa, 15 Desemba

Asubuhi, kabla sijapata muda wa kuogopa, nikaiandika paswedi mpya kwenye kalenda. Desemba, juu kabisa, herufi kubwa. Halafu nikaenda kwa Mama Justa, anamenya ndizi. Shikamoo. Marahaba. Nikamwambia waifai imepona. Nikamwambia pia iliugua kwa sababu yangu. Akaacha kisu.

— Wewe? Na huo upole wako wote?

Nikamweleza na ya Dar. Mambo yote! Sijawahi kusema sentensi nyingi hivyo mfululizo. Hakunigombeza. Akafunga kitenge vizuri, akasema ndizi zitasubiri, akapanda na njia kuwaambia wengine. Nyumba kwa nyumba, hadi kule kwa Tumainieli.

Wamekuja! Kuanzia saa kumi. Mwalimu Zefania wa kwanza, na habari za siku nne, anazisoma zote. Tumainieli kaja na wanakwaya wawili. Kipusa naye ni mzee mwenye mvi, fundi cherehani wa njia panda, na kitambo namwamkia bila kumjua. Nilikuwa nawahesabu kwenye ukurasa. Simu yangu haimo. Watu tisa na kamera. Bibi anagawa chai, anawasema mmoja mmoja kwa kuwatelekeza. Kwa Kipare, na maneno mengine siyaandiki.

Baba mdogo akapiga. Yuko hewani, anatazama.

— Dorkas! Hao wote ni akina nani? Huyo siyo Mwalimu Zefania? Anacheka nini mama? Hebu subiri, usikate!

Sikukata. Nikajiona kweli ni injinia.

Ndipo Mama Justa akaingia, wa mwisho, vumbi hadi magotini. Amezunguka kijiji kizima kuwaita wenzake. Akaketi, akatoa simu, akaandika paswedi. Akaandika tena. Akanipa.

— Mwanangu, yangu haikamati. Nitazamie upesi, leo Ijumaa ndiyo Justa anapumzika, nimemwahidi saa kumi na mbili.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Kumi kwa kumi. Nikamwambia Bibi polepole sikioni. Bibi wala hakunong'ona. Alisema mbele ya wote, na chupa ya chai mkononi:

— Si umtoe mmoja asiye na kazi? Angalia huyo aliyekaa bure tu juu ya mlango anatukodolea macho.

Wakacheka wote. Baba mdogo naye kasikia, maana kamera ina masikio. Anauliza: mama anamsema nani?

Nimekuja jikoni, nimesema nafuata sukari. Naandika nimesimama. Simu ya Mama Justa mkono wa kushoto. Yangu iko juu ya meza na ukurasa wa rauta wazi, Baba mdogo bado anaita humo ndani, haloo, Dorkas, haloo. Barazani wameanza kuuliza sukari imekwenda kununuliwa Same?

Dakika nne. Jina la kamera liko chini kabisa kwenye orodha, na pembeni yake kitufe cha kuitoa. Kidole changu kiko juu yake.