Muulizaji wa Meza Yetu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Kifua kimepona, au bado unakohoa ukilala chali? Natumaini umenunua lile blanketi nililokuambia, maana wewe na baridi hamjawahi kupatana. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi. Mkeo naye amerudi kula, amerudi kucheka, na juzi alinigombeza kwa kuacha taulo lililolowa juu ya kitanda. Ukisikia wifi anagombeza, jua amepona.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimejaribu mara tatu. Kila ukiitika, “eeh, mdogo wangu,” naishia kukuuliza habari za kazi. Kwa hiyo kaa kitako, uisome hii hadi mwisho kabla ya kufanya lolote, hasa kabla ya kupeleka ile barua yako ya malalamiko.

Ulipoondoka ulisema unaniachia mkeo mikononi. Ulinikumbusha habari ya karanga kana kwamba mimi ni mgeni, kwamba hata zikiwa zimesagwa kidogo tu zikimgusa ulimi, koo linavimba. Sikukasirika. Nilipoona anashinda ndani kila Jumamosi akitazama ukuta, ndipo nikaanza kumtoa. Tukawa wanne: yeye, mimi, jirani yetu mwalimu wa hesabu, na yule rafiki yetu tunayemwita Kijiko, kwa sababu hajawahi kuona sahani ya mwenzake asiitie kijiko chake. Kila Jumamosi asubuhi tunaingia mkahawa mpya, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga. Tunakunywa chai, tunakula mayai na mikate, tunapiga umbea hadi saa sita. Kijiko anachagua mahali. Mwalimu anatoa maksi, na hajawahi kuvuka saba kwa kumi, hata pale tulipolamba vidole. Mimi ni muulizaji. Kabla hatujaagiza naenda hadi jikoni, namuuliza mpishi mwenyewe, si mhudumu, anaweka nini kwenye chakula chake. Kutwa nzima dukani kwetu nauliza wanunuzi wa dawa kama wana mzio wa kitu chochote, kwa hiyo wote waliona kazi hiyo ni yangu.

Ila ina aibu zake, kaka. Wapishi wengine wanaona unawatuhumu. Mmoja aliniuliza mbele za watu kama nataka anivulie aproni nipike mwenyewe. Kijiko akaanza kuniita Mkaguzi, na kila nikiinuka anawaambia watu wa meza ya pili wafiche panya wao. Nilikuwa nacheka pamoja nao, lakini ilinichoma, na sikumwambia mtu.

Ile Jumamosi unaijua kwa kusikia. Mkahawa ulikuwa na wiki mbili tangu ufunguliwe, kuta bado zinanuka rangi, na ulijaa hadi watu wanasubiri mlangoni. Kijiko aliniomba siku hiyo nisiwatie aibu, kwa kuwa bosi wake alikuwa amekaa meza ya jirani. Nilikwenda hadi kwenye kidirisha cha jikoni, nikarudi, nikasema mambo shwari. Wifi akaagiza mayai ndani ya mchuzi mzito wa nyanya. Alipopeleka kijiko cha tatu mdomoni aliniangalia, akashika shingo. Midomo ilivimba tukimtazama. Mimi na mwalimu tulimbeba hadi kwenye teksi, na njia nzima nilikuwa nasikia pumzi yake ikipiga mluzi, nikiomba tu isinyamaze. Daktari alisema tungechelewa kidogo tungekuja kupokea maiti.

Ukanipigia ukilia, ukanishukuru kwa kukuokolea mke. Kaka, hakuna tusi lililowahi kuniuma kama shukrani ile.

Tangu hapo mpishi amesimamishwa kazi. Alhamisi mwenye mkahawa atakaa na watu wa afya kuamua kama afukuzwe, na wote wanasubiri barua yako, wewe mume. Mpishi hakatai kwamba mchuzi wake una karanga za kusaga. Anachoapa ni kwamba hakuna mtu aliyemuuliza. Hakuna anayemwamini. Mwalimu alisema aliniona nimesimama kidirishani, na wifi akasema hivyo hivyo.

Jumatatu mpishi huyo aliingia dukani kwetu. Nilimtambua kabla hajafika kaunta. Yeye hakunitambua, nilikuwa na koti jeupe na nywele nimezifunga. Aliomba dawa ya usingizi. Mdomo wangu ukauliza kwa mazoea kama ana mzio wa kitu chochote, akacheka kicheko kibaya, akasema neno hilo ndilo lililofanya asimamishwe kazi. Kisha akaanza kunieleza bila kuulizwa. Alisema aligeuka kuchukua sahani akaona mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani amesimama kidirishani, akadhani atasema kitu, alipogeuka tena hayupo. Alisema anamtafuta mwanamke huyo kila anapopita, si kwa ubaya, amwombe tu aseme alichokiona. Nilimpa dawa yake nikamtakia nafuu. Kitambaa kile cha kijani kilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya kaunta, karibu na mguu wake.

Kaka, sikuuliza. Nilisimama pale, mpishi amenipa mgongo anamfokea msaidizi wake, nyuma yangu watu wanasukumana, na nikasikia Kijiko akicheka. Nikaona haya. Nikajiambia mayai na nyanya, karanga zitatoka wapi? Nikarudi nikawaambia nimeuliza na hakuna. Ndivyo ilivyokuwa, sina cha kuongeza. Mkeo alikula kwa sababu nilimwambia ale.

Usiipeleke ile barua. Hii naituma kwa basi uipate kesho. Alhamisi nitakwenda mwenyewe kwa mwenye mkahawa na kitambaa changu kichwani. Naogopa watakavyoniangalia. Naogopa kazini wakisikia, maana nani atanunua dawa kwa mtu kama mimi? Nakuogopa wewe kuliko wote.

Tena siwezi kusubiri jibu lako. Jana wifi alisema Jumamosi tutoke tena, Kijiko ameshachagua mahali. Nilikataa, akadhani namwonea huruma. Akanishika mkono akasema yeye hana wasiwasi wowote, maadamu mimi ndiye ninayeuliza. Tangu asubuhi nimekwenda hadi mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza nilisema nimefuata mkasi, mara ya pili nikasema nimefuata mkasi, akaniuliza nina nini leo. Nikimaliza mstari wa mwisho naenda mara ya tatu, na safari hii naingia na barua mkononi.

Mama anakusalimu sana, anasema usilale na soksi zenye maji. Mwalimu naye anakusalimu. Hapa ndipo huwa naandika kwamba mkeo anakupa salamu, lakini leo sikumwomba, kwa kuwa hajui nakuandikia nini. Akishaisoma atakuletea salamu zake mwenyewe, pamoja na habari kama bado tunakaa nyumba moja. Nakuombea afya, na unisamehe ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hakuuliza.