Sabuni ya Chini ya Kitanda

Jumanne, 15 Machi 1983

Mikono inawaka. Nimefua tangu asubuhi kwa sabuni ya Mama Ng'washi na sasa hata kushika kalamu ni kazi. Anaichemsha mwenyewe nyuma ya nyumba yake — mafuta ya mbegu za pamba na magadi — halafu anaikata vipande kama sukari guru. Povu haina. Harufu inayo! Mashuka yangu yalikuwa meupe siku niliyoolewa. Leo yana rangi ya chai ya maziwa.

Simlaumu yule mama. Sabuni imeadimika nchi nzima. Duka la ushirika lina chumvi, majembe na muuzaji anayepiga miayo. Bila Mama Ng'washi mji mzima tungenuka.

Lakini leo nimepita kwa Mwanaasha, mke mwenzangu, kupeleka unga. Kamba yake! Mashuka meupe mpaka yanaumiza macho. Nikapita katikati yake makusudi, nikanusa — omo. Omo! Ile ya unga, ya boksi, ambayo mume wetu Gharib ameniapia kwamba haijaonekana Bariadi tangu vita viishe.

Mume mmoja, duka lake moja, nyumba mbili. Na sabuni mbili! Nimeweka unga kizingitini nikarudi bila hata kuaga.

Alhamisi, 17 Machi 1983

Zamu yangu. Nimemuuliza wakati anakula: kwa nini nguo za kule ni nyeupe na za kwangu za njano? Hakuinua uso kwenye sahani. Eti Mwanaasha bado kijana, anasugua kwa nguvu. Eti mimi nimeanza kuchoka.

Kuchoka! Nilisimama naye tangu duka lilipokuwa meza moja sokoni, juani, na mtoto mgongoni. Leo nimechoka kusugua!

Kisha akanihubiria hali ya nchi. Tumetoka vitani, tufunge mikanda. Mkanda wake haufungiki, tumbo lake linafika mezani kabla yake. Hilo sikulisema. Niliondoa sahani ya mchuzi kabla hajamaliza.

Jumapili, 20 Machi 1983

Nimekutana na Mwanaasha bombani. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, maneno yote ninayo mdomoni. Akaniamkia — shikamoo, dada — akanitwika ndoo. Basi nikauliza tu: omo unaipata wapi?

Akashangaa. Bwana humletea kwenye kopo la maziwa kila akija zamu. Alidhani na mimi naletewa. Akaitazama kanga yangu, halafu akatazama chini.

Kuonewa huruma na mke mwenza! Afadhali angenicheka.

Dini imesema sawa kwa sawa. Akinunua kanga ananunua jozi mbili, akichinja anagawa nusu kwa nusu, na mji mzima unamsifu: Gharib anajua kuweka wake wawili. Ndani ya kopo la maziwa hakuna anayeona. Sina wa kumwambia haya, bora niyamwage hapa.

Jumanne, 22 Machi 1983

Gharib amekuja na mkokoteni wa ng'ombe, magunia ya pamba juu yake. Ameyaburuta mpaka chumbani kwangu na kuyasukuma chini ya kitanda. Akaninyooshea kidole: usiguse.

Pamba gani inamtoa mtu jasho hivyo? Alipotoka nikaingiza mkono. Pamba kidogo juu, chini yake maboksi. Omo. Imetoka Kenya, imepita mpakani kwa njia za panya, imekuja kulala chini ya mgongo wangu. Mimi juu na sabuni yangu ya magadi, yenyewe chini!

Aliporudi sikuvumilia. Kwa nini kwangu, si kwa Mwanaasha anayeitumia? Akacheka. Akaniambia kwa sauti ya kunisifu kabisa, kama mtu anayetoa zawadi: nyumba yako hakuna atakayeishuku. Akipita mtu akaona mashuka yako kwenye kamba, anajua hapa hakuna sabuni.

Nimekaa na kalamu. Kwa hiyo hakunisahau. Kumbe ananinyima kwa mpango! Aibu yangu ya kila siku pale kambani, yeye anaitumia kama pazia la biashara yake. Na alitaka nifurahi.

Jumatano, 30 Machi 1983

Redio inanguruma tangu juzi: wahujumu uchumi, walanguzi, wasakwe nyumba kwa nyumba. Mji umechafuka. Watu wanatupa vitu vyao wenyewe. Leo wachunga ng'ombe wamekuta makopo ya maziwa na betri za tochi katikati ya shamba la pamba, havina mwenyewe.

Gharib hakai. Amekwenda kwa Mwanaasha kumwamuru afue upya mashuka yote kwa sabuni ya Mama Ng'washi, tena ayapake udongo kidogo kabla ya kuanika! Mwanaasha amekuja hapa analia, mashuka kwapani. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ndiyo, nilicheka, Mungu anisamehe.

Kisha nikamwonyesha namna ya kuyachemsha na majani ya mlimao ili yasinuke. Hana hatia. Kopo hakuliomba.

Mama Ng'washi ameishiwa sabuni kabla ya adhuhuri. Wake za wafanyabiashara wote walipanga foleni kwake, hata wale waliokuwa wanaziba pua. Amewauzia huku anawatazama usoni mmoja mmoja.

Jumamosi, 2 Aprili 1983

Nimemwambia Gharib amwage. Chooni, mtoni, popote! Hataki. Eti yatapita, na yakipita bei itakuwa imepanda. Kwa hiyo sasa ananilalisha juu ya kesi ili apate faida.

Na yeye mwenyewe ameondoka. Amekwenda Ngulyati kuangalia ng'ombe wake! Ng'ombe ambao hajawatazama tangu kiangazi, leo ndio amewakumbuka. Mwenye mali yuko zizini, mali iko chini yangu. Mvua imeanza na paa linavuja upande wa kitanda. Nimeweka sufuria. Yaani nailinda isilowe!

Alhamisi, 7 Aprili 1983

Wamekuja. Mgambo, kamanda wao Shigela mbele na kofia yake ya kijani. Wamepekua duka. Wamepekua kwa Mwanaasha mpaka kwenye dari. Kisha kwangu.

Nilikuwa uani. Shigela akasimama mbele ya kamba yangu, akashika shuka, akalipangusa kwa kidole. Ana mke, analijua lile shuka. "Mwadila, mayu," akaniamkia kwa upole, kama tunavyomwamkia mama kwa Kisukuma. Halafu akawageukia vijana wake: "Twendeni. Hawa ni wenzetu."

Hawakuvuka hata kizingiti.

Nimeshukuru Mungu, kweli nimeshukuru. Lakini nachemka! Gharib alikuwa sahihi. Alinipima kwa uchafu wangu na kipimo kikatoka sawa.

Jumatatu, 11 Aprili 1983

Amerudi kutoka Ngulyati, amenenepa kwa maziwa. Na leo Mwanaasha amekuja mbio, kanga ya kichwani mkononi. Amesikia kwa masikio yake, barazani kwake, Gharib akimwambia Mzee Uledi, balozi wetu wa nyumba kumi: wanawake siku hizi wana biashara zao za chinichini. Yeye anashinda dukani, mambo ya chumbani kwa Mboni, ndiyo mimi, hayajui. Kukionekana kitu siku yoyote, balozi akumbuke kwamba alishasema.

Nikamwambia arudie. Akarudia, neno kwa neno.

Ilipokuwa sabuni, ilikuwa ya Mwanaasha. Imekuwa kesi, ni yangu!

Watu wanapakiwa kwenye malori kupelekwa Shinyanga, na wake zao hawajui watarudi lini. Sasa mume ataniaga mimi kwenye lori? Na wanangu awapikie nani? Nilikuwa nimeshainuka nimfuate dukani, nimvae mbele ya wateja, mji mzima usikie. Mwanaasha akanishika mkono. Ana nguvu kweli yule mtoto, pengine anasugua. Akanong'ona: dada, usipige kelele. Ufunguo wa pili wa stoo ya duka ninao mimi.

Tukatazamana.

Alhamisi, 14 Aprili 1983

Gharib alikwenda Sola tangu jana kutafuta mtama, amerudi leo jioni. Alipokuwa hayupo, tumefua. Wake wawili kwenye ua mmoja, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kisha beseni kichwani: maboksi chini, nailoni, nguo mbichi juu. Tunakwenda kuanika uani kwa duka, eti kule jua ni zuri. Tukaenda, tukarudi, tukaenda tena.

Shigela alikuwa amekaa mbele ya ofisi ya Chama, anaona kila kitu. "Kazi njema, mayu! Leo mnafua sana!" Mwanaasha akamjibu bila kugeuza shingo kwamba kesho Ijumaa, watu wanataka kuvaa.

Chini ya kitanda changu sasa kuna vumbi tu. Sikumwibia. Mali yake imekwenda dukani kwake, nyuma ya magunia ya chumvi, inakostahili kukaa.

Nilibakiza konzi moja ya omo.

Alikuwa ameniachia kanzu zake mbili. Kesho shehe kutoka Maswa anasalisha, na Gharib atakaa safu ya mbele. Agizo: zote mbili kwa sabuni ya Mama Ng'washi, nisije nikathubutu vingine. Nikaweka mabeseni mawili. Kanzu ya kwanza nikafanya kama alivyosema. Ya pili nikamwagia ile konzi na kuvuruga maji.

Povu likapanda mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimesahau! Nikalia, mwanamke mzima, kwa ajili ya povu. Mikono haikuwaka hata kidogo. Miaka yote hii nilikuwa nadhani kufua ndivyo kunavyouma.

Zote mbili zimekauka, nimezipiga pasi. Kesho nitampa achague. Akivaa ya njano, nitamwambia maboksi yalipo, akayamwage kabla ya sala, na mambo yaishe. Akivaa nyeupe, sisemi kitu. Nimeapa.

Ijumaa, 15 Aprili 1983

Naandika nimesimama.

Aliona papo hapo. Umefungua boksi? Nimefungua. Akafoka — nilikuambia nini, unataka kunifunga, una akili wewe? Nikamwambia sawa, ya njano hii hapa, imenyooka, ivae.

Akaivaa! Akajitazama kwenye kioo. Akainua mkono, akanusa kwapa. Dirishani watu walikuwa wanapita kwenda msikitini, wote na kanzu zao za rangi ya chai, Mzee Uledi miongoni mwao, hakuna anayemzidi mwenzake. Angepita katikati yao asijulikane. Nilishafungua mdomo nimwambie. Pamoja na yote yale! Mjinga mimi, bado nilikuwa namtakia salama.

Akaivua.

"Leo kuna shehe," akasema, kana kwamba shehe ndiye aliyeagiza. Akavaa nyeupe. Akajipaka marashi, akaweka kofia sawasawa. Mlangoni akageuka akanisifu, mara ya kwanza mwaka huu:

"Ungekuwa unafua hivi siku zote, Mboni."

Nikafunga mdomo wangu.

Nimemtazama kutoka dirishani. Njia nzima anang'aa, peke yake. Mama Ng'washi pale kona alisahau mteja wake, kipande cha sabuni mkononi. Mzee Uledi alisimama, akaitazama kanzu yake mwenyewe, akaitazama ya Gharib. Hakumwamkia. Shigela aliinuka kwenye kiti mbele ya ofisi ya Chama, akavaa kofia. Na Gharib anatembea polepole, anapunga mkono kulia na kushoto! Anadhani wanamheshimu.

Adhana imekwisha. Yuko ndani sasa, safu ya mbele.

Mwanaasha ameingia hivi punde, anahema. Shigela na vijana wake wako barazani kwake. Hawataki kupekua nyumba. Wanataka kuiona stoo ya duka tena, vizuri, mpaka nyuma ya chumvi. Ufunguo ameuficha kwenye pindo la kanga. Ananiuliza: dada, niwape, au niseme anao bwana?

Anasubiri. Kanzu ya njano iko begani kwangu bado, ina joto lake. Naikunja kwanza.