Inaishia Wapi

4 Machi

Mwanangu,

Habari za huko? Kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, na mama yako anauliza kama unakula au unadanganya tumbo kwa chai. Nimekutumia suruali ya kijivu. Nimeipima kwa mkono wangu kama siku zote, shibiri nne na nusu, maana futi waachie mafundi wasiojiamini. Ivae, usimame wima, uniambie inaishia wapi. Nakuuliza wewe kwa sababu hunifichi kitu.

Baba yako, fundi

29 Machi

Shikamoo baba,

Kikohozi kimekwisha, na mwambie mama nakula mpaka mkanda unalalamika. Suruali nimeipata. Imenikaa barabara! Inagusa kiatu vile vile unavyopenda. Huku ghalani wenzangu wameniuliza fundi wangu ni nani, nikawaambia huyo hamumwezi.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kweli kweli. Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya wateja, mama yako akasema nimezidi. Sasa nakwambia: tangu mwezi wa kwanza mkono wa kulia ulikuwa unanitia wasiwasi, vidole havinyooki vizuri. Nikasema, ya mwanangu ikikaa sawa, basi ni uzee unanitania tu. Umenitua mzigo. Nimepokea suruali sita, za bwana harusi na wenzake. Nimewashonea tangu wanasoma, vipimo vyao ninavyo kichwani. Nimewaambia kwangu hakuna kujaribisha, wazichukue asubuhi ya harusi.

Baba yako, fundi

6 Mei

Baba,

Salamu baadaye. Usikate hicho kitambaa, nakuomba. Suruali yangu ni fupi, inaishia vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Nilijua shibiri yako imepungua, nikaogopa kukuvunja moyo. Naivaa hivyo hivyo kazini, na wenzangu wananicheka. Wapime kwa futi, baba. Nisamehe.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mama yako anakusalimu. Barua yako ilifika harusi imepita wiki mbili.

Zote sita zilikuwa fupi. Walikuwa wameniweka kiti cha mbele, mgeni wa heshima, kwa hiyo nilikisikia kicheko chote. Bwana harusi alinishika mkono akanishukuru, na hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Daktari anasema vidole havitafunguka zaidi ya hapa. Hilo ningelibeba. Lakini mimi sikukuuliza kama mimi ni hodari. Nilikuuliza inaishia wapi. Umenivika kilemba cha ukoka, mwanangu, nikatoka nacho mbele za watu.

Duka nimelifunga. Hasira imekwisha, imebaki aibu. Ukipata likizo, njoo umevaa ile suruali, na pindo usilishushe. Nataka nione kwa macho yangu inaishia wapi.

Baba yako