Baba Alivyonyamaza Katikati ya Salamu

Gladness, hutaamini!

Baba wamemzibua mshipa wa moyo akiwa macho. MACHO! Waya umepitia mkononi hadi moyoni, mimi niko nyuma ya kioo nasikia kila kitu.

Dokta Minaz, yule ambaye kwao wana duka mtaani Mabatini, aliyesomea udaktari wa moyo miaka na miaka, kazi yake kumsalimia tu kwa Kisukuma. Eti akiendelea kujibu, anajua yuko salama.

Shamba? Zuri. Wajukuu? Wazima. Ng'ombe?

Kimya.

"Mzee, ng'ombe hawajambo?" KIMYA, Gladness!

Wakampiga shoti ya umeme kifuani, mwili ukaruka.

Halafu baba akasema, "Hawajambo."

Sasa yuko wodini, amelala. Nesi ananifokea nimwache apumzike. Natulia kidogo, woga unanipanda, namtikisa tena: "Baba, ng'ombe hawajambo?"